Mwizi Aliyeiacha Kadi

Kompyuta ilikutwa imelala ubavu juu ya meza ya kazi. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani kwa adabu, na skrubu zake zimekusanywa ndani ya kisosi. Mvua iliyoanza jana ilikuwa bado inanong'ona juu ya bati, na mwanga wa asubuhi uliingia dirishani kama uliolowa.

Inspekta aliinama akachungulia ndani. Wenzake kituoni walimwita Mama Kimya, kwa kuwa aliweza kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kikaona haya.

"Hiki ni nini?" aliuliza, akionyesha kipande kirefu chenye feni.

"Kadi ya picha, afande," alijibu fundi, mwenye duka. "Ndiyo inayochora gemu kwenye skrini. Humo ndani hakuna cha thamani kuishinda."

"Na haikuguswa."

"Haikuguswa."

"Kimeibwa nini?"

"Diski tu. Tena kuukuu. Ukiitupa barabarani watu watairuka."

Inspekta alichungulia tena pale diski ilipokuwa. Mwizi anayeacha mnofu akabeba mfupa ana lake na huo mfupa.

Duka lilikuwa chumba chembamba. Fundi alinunua kompyuta zilizochoka, akazifungua, akauza viungo vyake kwa watu waliotaka mashine ya gemu ilhali mifuko yao haitaki. Feni zilining'inia ukutani, zikijizungusha polepole kila upepo ulipopita mlangoni. Mtu angeweza kusinzia humo akiwa amesimama.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya marehemu mmoja. Mjane wake ndiye aliyeniuzia. Nilimwahidi nitaifuta diski kabla sijagusa kitu kingine." Fundi aliangalia sakafu. "Nikaahirisha. Leo, kesho, leo, kesho."

Mjane alifika kabla ya adhuhuri, mwavuli ukimchuruzika. Hakuketi.

"Huyu ameiuza," alisema, akimnyooshea fundi kidole. "Mle mna picha zetu. Mna maisha yangu na mume wangu. Namtaka rumande."

"Mama, naapa..."

"Usiape. Ulishaahidi, ikatosha."

Fundi alinywea. Habari kama hiyo ikitoka nje, nani tena angemletea kompyuta yake?

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa amekwisha kufanya kazi yake bila kupata cha maana. Mwizi alipangusa kila kitu kwa kitambaa. Lakini Inspekta alibandika utepe wa gundi ukingoni mwa meza, akaubandua, akauinua kwenye mwanga. Alitoa kioo cha kukuzia.

"Nywele," alisema.

"Za paka," fundi aliwahi. "Kuna paka wa jirani."

"Paka huyo ana mvi?"

Fundi alisogea kuangalia. Kwenye utepe kulikuwa na nywele fupifupi, nyeusi, za kahawia na nyeupe, za vichwa vingi. Zote zilikuwa zimekatwa ncha zote mbili.

"Jana uliliacha duka?"

"Kidogo tu, afande. Mfereji wa paa uliziba, maji yakaanza kuingia. Nilipanda ngazi kuuzibua. Nilishuka nimelowa chapachapa, nikafunga duka bila kuangalia meza."

"Ukamwacha nani ndani?"

"Mteja mmoja. Mtu mzuri kabisa."

"Wabaya hawaingii wakijitangaza. Alifuata nini?"

Hapo uso wa fundi ulichangamka, kama wa mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Alitaka mashine ya gemu kwa pesa ya kuungaunga. Wengi wa namna hiyo hukimbilia kadi kubwa na taa za rangi, halafu wananunua pawa saplai ya hovyo, ile inayogawa umeme, moto unawaka nyumbani. Yeye alisikiliza. Nikamwambia, usimpe tembo kichwa ukamnyima miguu. Kadi ya mtumba ya toleo lililopita, prosesa ya kuendana nayo, ramu mbili pacha za kumbukumbu. Pawa saplai mpya, hapo usibane. Keisi, lile sanduku lake, nikampa iliyobonyea ubavuni, akacheka, akasema haendi nayo harusini. Jana ndiyo alikuja kuichukua."

"Hakutaka kitu chochote cha pekee?"

"Gemu moja tu iende bila kukwama. Ina ziwa kubwa na ukungu. Alitaka maji yatembee kama maji. Basi."

"Na diski? Hukuitaja."

"Alisema anayo nyumbani."

"Kwa hiyo alikuwa na kompyuta nyingine."

"Hapana, alinieleza kabisa kwamba hajawahi kumiliki kompyuta maisha ya..." Fundi alijikatiza. Alikaa taratibu juu ya katoni, nayo ikabonyea naye.

Inspekta aliutazama tena utepe wa nywele, akamgeukia mjane. "Marehemu alikuwa na ndugu kinyozi?"

Mjane alikunja mwavuli. "Kaka yake. Hatusemezani tangu mazishi."

Kinyozi alikuwa dukani kwake akimnyoa mzee mmoja. Alipoona sare kwenye kioo, aliendelea kunyoa. Alimaliza kisogo, akapangusa shingo kwa brashi, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni. Kisha akazima mashine.

"Nimekuja kwa ajili ya diski," alisema Inspekta.

"Najua. Nilidhani mtakuja na kelele."

Alifungua pazia la chumba cha nyuma. Kompyuta yenye ubavu uliobonyea ilikuwa juu ya kijimeza, feni zake zikipumua kama mtoto aliyelala. Kwenye skrini kulikuwa na ziwa. Ukungu ulielea juu ya maji, na maji yalitembea kama maji.

"Uliichukuaje?"

"Fundi alipopanda ngazi. Bisibisi ilikuwa mezani. Nilikuwa nimeitambua kompyuta tangu nilipoingia siku ya kwanza. Ndiyo iliyonirudisha kila mara."

"Kwa nini hukuomba?"

"Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama huwa anauza diski za watu. Akasema, za walio hai na za wafu, zote anazifuta. Ningesema nini, afande? Kwamba mtu mzima na ndevu zangu nalilia gemu?"

"Na shemeji yako?"

"Shemeji alisema kompyuta ile ndiyo iliyomla mumewe. Ningebisha mlango gani?"

Alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono mapajani.

"Mdogo wangu alipoishiwa nguvu za miguu, humu ndimo alimotembea. Nilikuwa nakaa kando yake namwangalia. Siku moja akaniambia, kaka, ng'ambo ya ziwa kuna kitu nakijenga, nikimaliza nitakuvusha ukakione. Basi akafa. Sijui alimaliza, sijui hakumaliza. Ndiyo hiyo tu. Nilitaka kuona."

"Umeona?"

"Nimefika ufukweni. Kuvuka peke yangu nimeogopa."

Inspekta alichukua maelezo yake, akayasoma kwa sauti, kinyozi akatia sahihi. "Wizi ni wizi," alimwambia, bila ukali. "Na diski hiyo ni kielelezo. Lakini lazima mwenyewe aje aitambue."

Mjane alikuja akiwa amekaza uso. Alimpita shemeji yake kama anayepita nguzo. Kisha akaiona skrini, akasimama.

"Vuka," Inspekta alimwamuru kinyozi.

Kinyozi alibonyeza, na mtumbwi kwenye skrini ukaondoka. Ukungu uliwafunika, ukawa mweupe mpaka chumba kizima kikawa cheupe, nyuso zao, kuta, vioo. Taratibu ng'ambo ikajitokeza: gati la mbao, kijia cha mawe, taa ndogo moja baada ya nyingine. Mwisho wake palikuwa na nyumba yenye baraza pana na madirisha makubwa yanayotazama maji. Kwenye lango palichongwa maneno: *Kwa Bibie*.

"Bibie ni nani?" aliuliza Inspekta.

"Simjui," alisema kinyozi. "Hakuwahi kunitajia."

Mjane alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Aliniita hivyo tulipooana, tukipanga nyumba ya kando ya maji. Ugonjwa ulipoingia, akaacha kuniita. Akawa anaitazama hiyo skrini tu, mchana kutwa. Nikajua ananikimbia." Alipiga hatua moja kuikaribia skrini. "Nilikuwa nampelekea chakula, naondoka bila hata kuangalia anafanya nini."

Mvua ilikuwa imekoma. Maji yalidondoka kutoka kwenye paa, tone kwa tone.

"Mashtaka ni ya nani, afande?"

"Yako na ya fundi. Mkiyaondoa, nitaandika hivyo. Mkiyaendeleza, naondoka naye sasa hivi."

"Fundi nitamwomba radhi mwenyewe, nimwombe na yeye ayaondoe. Mimi nayaondoa."

Alivuta kiti cha wateja, akakisogeza mpaka kando ya kigoda, akaketi.

"Shemeji," alisema, macho yake langoni, "hapa mnabonyeza wapi ili mlango ufunguke?"

Kinyozi alisogea kumpisha, akamwonyesha.