Bulon ya Chini ya Gari la Arusi

Kabamba alilala kando ya barabara ya Mulungwishi, suti yake ya arusi imejaa vumbi jekundu, shingo imevunjika. Gari lake lilikuwa limebingirika mpaka ndani ya nyasi. Arielle, bibi arusi, walishamkimbiza hospitali na mkono uliovunjika.

Inspekta Alphonsine alivua kofia. Marehemu anasalimiwa kwanza, upelelezi unakuja nyuma.

Kisha akainama kwenye gurudumu la kushoto la mbele. Amortisere, kile chuma kirefu kinachotuliza gari lisirukeruke, ilibaki bomba tupu. Kartushi mpya, ile pampu ya mafuta iliyotiwa ndani yake, ilikuwa imechomoka.

Mji ulishahukumu. Ruphin, fundi wa gari wa mtaa wa Panda, ndiye aliyefunga zile kartushi, na watu walikuwa wanazunguka gereji yake na petroli mkononi. Alphonsine akamweka selo wasije wakamchoma.

"Eleza kazi yako, mwanangu."

"Mama, amortisere ilikuwa imekufa. Nilikata bomba juu, nikatosha matumbo yote inje, nikatoboa tundu chini, nikatia kartushi. Inashikwa na bulon moja, skrubu kubwa, toka chini."

"Na kama hukukaza?"

"Nilikaza! Nikiisha kukaza napiga mustari ya rangi nyeupe, bulon na bomba pamoja. Bulon ikizunguka, mustari inakatika. Uende uangalie, mama."

Bulon ya kushoto ilikuwa imepotea. Ya kulia bado ilining'inia: mstari umekatika, na kichwa chake kina alama mpya za meno.

"Kitendawili," Alphonsine akamwambia askari wake.

"Tega."

"Nauma, simezi."

Askari akawaza. "Koleo ya bomba?"

"Eh, una akili kumbe! Fundi wa gari hatumii hiyo."

Hospitalini Arielle alijibu huku analia.

"Mulipokuwa kanisani, gari ilibakia wapi?"

"Kwa papa yangu, ndani ya lupango, kwenye ua wake. Tulienda kwa miguu. Papa alichelewa kuingia."

"Njiani hamukusikia kitu kinagonga chini?"

"Tungesikia wapi, mama? Bashangazi banaimba kwenye kamyoneti nyuma yetu, Kabamba anapiga klaksoni bila kuachia. Gari ya arusi hainyamaze."

Baba yake, Camille, alikuwa fundi bomba mstaafu. Koleo lake lilikutwa nyuma ya mlango, rangi nyeupe imo katikati ya meno.

"Baba Camille, hii rangi?"

Mzee akaigusa ile rangi kwa kidole. Halafu maneno yakamtoka yenyewe.

"Miye najua amortisere za zamani. Ukilegeza bulon, inapiga ngo, ngo, dereva anaogopa, anarudi. Sikujua ndani walitia kitu ingine, inashikwa na hiyo bulon tu."

"Juu ya nini ulilegeza, baba?"

"Kabamba alikuwa anamupeleka mtoto wangu Kolwezi. Mama yake alikufa. Bandugu yake bakubwa bote balienda mbali. Nilisema, gari ikilia watalala hapa. Nikule naye siku moja tena. Siku moja tu."

"Na walipoondoka?"

"Nilingoja warudi. Nilitia hata maji kwa moto, ya kusonga bukari."

Alphonsine aliagiza Ruphin afunguliwe. Camille akanyoosha mikono afungwe pingu.

"Bado," inspekta akasema. "Utamuambia Arielle kwanza kwa kinywa chako."

Mzee akaingia mlangoni mwa wodi, askari nyuma yake. Arielle akainua kichwa.

"Papa! Umekuja kunirudisha nyumbani?"