Wali Ubavuni mwa Mto

Rafiki yangu Kiyoharu, mwenye digrii na asiye na kazi kama mimi, alifika Osaka asubuhi kwa usaili wa mchana. Akakodi kijichumba cha kulala, kile kinachokutosha kama jeneza.

"Hizo takoyaki, vitumbua vyako vya pweza, kazilie nje, kaka," mhudumu alimtania. "Anayeandaliwa chakula kitandani ni maiti."

"Basi mimi ni maiti mwenye digrii."

Akaingia, akashusha pazia, akala pweza wake gizani, akasinzia.

Vijiti vya kulia vikigongana taratibu kichwani pake vilimwamsha. Akataka kuinuka, mwili ukagoma. Simu ya usaili ikaita mpaka ikachoka.

Mhudumu alipofungua pazia, kando ya mto wa kulalia palikuwa na bakuli la wali unaofuka mvuke, vijiti vimechomekwa wima, kama tunavyowawekea wafu wetu.