Nani Alivuta Kabla Yangu?

Wewe unayesoma hii umekunja miguu kitandani, ukijiona jasiri, endelea tu. Mimi mwenyewe nimewahi kufukuzwa na mbwa watatu, wakachoka wao. Lakini yaliyompata binamu yangu Nati yalinifanya nilale na taa inawaka, na sioni haya kusema.

Nati ni fundi katika karakana ya zimamoto. Ni mfupi, na akishabana jambo halifunguki, ndipo jina likamkaa. Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote. Gari kuukuu waliloliita Bibi lilikuwa juu ya jeki, linafungwa pampu mpya na taa mpya, kwa maana wakaguzi walikuwa njiani.

"Dokta, Bibi atakimbia kweli?" Nati aliuliza.

"Atakimbia?" sauti ikatoka chini ya gari. "Huyu nikimaliza naye ataposwa upya! Nipe spana, acha umbea."

Dokta ndiye fundi mkuu. Alikuwa akiweka sikio kwenye injini na kutaja ugonjwa kabla hujafungua boneti. Ndiye aliyemtoa Nati kijiweni, akamfundisha kazi, akamvalisha ovaroli ya kwanza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinaweza kukupa na nguo yenyewe.

Dokta alikuwa pia chanda na pete na Ngazi, kaka yake Nati, zimamoto mrefu kama jina lake. Ngazi huyu alipokuwa kijana alimfunga Nati kamba za viatu kwa fundo la kamba za uokoaji, fundo moja la ajabu, hadi mama yao akazikata kwa kisu huku akitukana na kucheka. Mwezi uliopita Ngazi aliingia kwenye ghala linaloungua, hakutoka. Walimkuta na mtungi umejaa hewa mgongoni na barakoa mkononi.

"Aliogopa," Dokta aliiambia familia, machozi yakimtiririka. "Hofu ikimshika mtu mle ndani, anaivua barakoa mwenyewe."

Alilia kuliko wafiwa. Jeneza alilishika mbele. Na tangu siku hiyo mama yao alipita njia ya uchochoroni kwenda dukani, kwa sababu vijana wa barabarani walikuwa wakipokezana kukimbia na kupiga kelele: "Zimamoto mwoga! Zimamoto mwoga!"

Sasa sikiliza hili, maana ndilo kiini. Karakana ile ina desturi. Fundi akitengeneza chombo cha kupumulia, hakitundiki ukutani mpaka akivae mwenyewe na kuvuta pumzi ya kwanza. Akishavuta, hufunga kitambaa cheupe kwenye mkanda. Zimamoto akiona kitambaa, anajua mtu amekwisha kutangulia. Hakagui tena. Anavaa na kuingia motoni.

Chombo cha Ngazi kilikuwa kimerudishwa asubuhi hiyo, kikatundikwa kwenye ndoano ya mwisho, mtungi umeshavuliwa, kikisubiri kutengenezwa.

Adhuhuri wenzake wakaenda kula. Kompresa ikazimwa. Nati akabaki anafuta mikono.

Akasikia mtu anavuta pumzi.

Akadhani ni Dokta kasinzia chini ya Bibi. Akainama. Hakuna mtu.

Ikavuta tena. Polepole, kwa taabu, kama mtu anayefyonza kupitia tambara bichi. Nati akatega sikio asikie ikitoka.

Haikutoka.

Ikavuta. Ikavuta. Ikavuta tu.

Akageuka ukutani. Barakoa ya Ngazi ilikuwa imebonyea, mpira wake umejikunja kwa ndani, kana kwamba kuna uso umeivaa. Mrija wake ulining'inia mtupu. Haukuunganishwa na kitu. Kioo kikaanza kuingia ukungu. Kwa ndani.

"Mdogo wangu." Mnong'ono. Karibu kabisa. "Nani alivuta kabla yangu?"

Ungekuwa wewe ungekimbia, usinidanganye. Nati naye miguu ilikuwa imekwisha kuamua. Ila swali lilimbana. Akaitoa barakoa kwenye ndoano, ikalegea mikononi mwake kama samaki aliyekufa, akaifungua vali.

Ndani kuna kiwambo cha mpira, chembamba, kinachoruhusu hewa mtu anapovuta. Kilikuwa kimepasuka siku nyingi. Badala ya kuwekwa kipya, kilizibwa kwa gundi ya viraka vya tairi. Gundi ilikuwa imetambaa, ikakigandisha. Hewa tele mtungini, mlango umefungwa.

Ngazi hakuvua kwa woga. Alivua kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuvuta.

Pumzi moja tu ya fundi ingegundua. Moja! Na bado kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa kwenye mkanda, kwa fundo bapa ambalo Nati alilijua, kwani alifundishwa na Dokta mwenyewe.

Akakaa sakafuni. Hakulia. Aliikumbuka mikono ile kwenye jeneza.

Kisha akaweka kiwambo kipya, akaunganisha mtungi uliojaa, akapima kila kiungo. Kazi safi. Wenzake waliporudi, Kamanda mbele, Dokta nyuma anachokonoa meno, Nati alikuwa amesimama katikati ya karakana.

"Dokta, kaka yangu alivua kwa sababu gani?"

"Tumeshayazungumza hayo, mdogo wangu. Mwache apumzike."

"Basi vuta." Akamnyooshea barakoa. "Kiko sawa. Lakini hiki ulikifunga kitambaa wewe. Pumzi ya kwanza bado unadaiwa."

Dokta akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Kamanda, huyu kijana msiba umempanda kichwani."

"Ni desturi," Kamanda akasema. "Vuta tuendelee na kazi."

Dokta akaivaa. Mkanda hata hakuukaza.

Akavuta.

Akavuta tena. Macho yakamtoka. Kioo kikawa cheupe, halafu kijivu. Halafu cheusi.

Hakutoa pumzi.

Akaishika barakoa kwa mikono miwili, akaivuta kama mtu anayeng'oa jino. Haikutoka. Akapiga magoti. Sauti ikatoka ndani, nyembamba, ya mbali.

"Gari lilikuwa linangojwa... Nilikuwa na haraka... Sikuvuta! Ngazi, ndugu yangu, sikuvuta!"

Nati akaishika kwa vidole viwili. Ikatoka kama kofia.

Dokta alikuwa na duara la masizi kuzunguka pua na mdomo, na mengine yalimtoka na mate. Kamanda akaichukua barakoa, akaivaa, akavuta na kutoa, mara kadhaa. Hewa safi. Kioo kinang'aa.

"Mimi nilikuita kaka," Nati alinong'ona. "Mama yangu alikupangusa machozi."

Dokta alitaka kumshika mkono. Nati akaurudisha nyuma, akaenda kukaa kwenye kibao cha kupandia cha Bibi mpaka yule mtu akatolewa nje. Kamanda mwenyewe alikwenda kwa mama siku ileile, akalisafisha jina la Ngazi kwa sauti barabarani, vijana wote wakisikia. Mama anapita njia kuu sasa. Dokta nimemwona, anafunga mdomo kwa leso, jua kali au mvua, na ukipita karibu naye unasikia harufu ya ghala lililoungua.

Mwisho wa siku ile Nati aliivaa barakoa ya kaka yake. Akavuta. Ikaja hewa baridi, tamu. Akaitundika, akageuka mezani kuchukua kitambaa kipya, maana kile cha Dokta alikuwa amekichoma.

Aliporudi ukutani, kitambaa kilikuwa kimeshafungwa.

Cheupe, kina alama za vidole vya masizi, bado kina uvuguvugu. Na fundo lake lilikuwa lile la kamba za viatu, ambalo halifunguki mpaka ulikate kwa kisu.