Maji ya Chumvi Yaliyokataa Kuganda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabiha alimsaidia mama yake kutoa barafu za ubuyu kwenye friza na kuzipanga kwenye ndoo ya kuuzia. Siku ya maonyesho ya sayansi ya shule za Mpwapwa, alitoa pia mifuko yake miwili ya jaribio, aliyoiweka humo usiku. Wa maji matupu ulikuwa mgumu kama jiwe. Ule wa maji yaliyokolea chumvi ulimchezacheza mkononi. Haukuganda hata kidogo!

Yeye na mwenzake Lameck walikuwa wameandika kwenye bango kwamba mifuko yote miwili itaganda.

"Tubadilishe," Lameck alinong'ona walipokutana. "Tutie barafu ya maji matupu, tuseme ni ya chumvi. Nani atailamba?"

"Sitaki. Tutasema tulichokiona. Wewe nisaidie kufikiri kwa nini."

Zamu yao ilipofika, jaji, Mwalimu Kefa wa kemia, alisoma bango kisha akaubonyeza mfuko. "Mbona haya ni maji?"

Watu wakacheka. Sabiha akasogea mbele.

"Shikamoo, mwalimu. Tulikisia vibaya. Ila tunadhani sababu tumeipata."

Akawaita wanafunzi wenzake, wakashikana mikono kwa mistari iliyonyooka. "Hawa ni chembe za maji. Yakiganda, hushikana kwa mpangilio kama huu. Lakini chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, chembe zenye chaji ya umeme, na kila ioni huvuta maji yaizunguke."

Lameck akajitosa katikati kama ioni, akawavuta wenzake wamzunguke. Mstari ukakatika. Wengine wakaingia kama yeye, na mistari yote ikavurugika.

"Chumvi ikiwa nyingi, maji mengi hushikwa na ioni," Sabiha akaendelea. "Yanashindwa kujipanga yawe barafu."

"Na maji yasipotosha kuzizunguka ioni zote?" jaji akauliza.

Sabiha akawatazama wenzake waliosongamana. Ghafla uso ukamng'aa. "Zitakaribiana! Ioni yenye chaji chanya itashikana na yenye chaji hasi."

"Hapo hapo!" Mwalimu Kefa akapiga makofi.

Jioni walitangazwa washindi wa kwanza. Wenzao waliwabeba juujuu wakiimba, Lameck akicheka huku machozi yakimlengalenga.

Mwalimu Kefa alipowakabidhi kikombe, aliwageukia wanafunzi wote. "Hawa wangeweza kuuficha mfuko huu, na sisi tusingejua. Lakini nao wasingejifunza kitu. Anayekubali kwamba amekosea ndiye anayepata nafasi ya kujua ukweli."