Saba Mara Nane

Kila Jumamosi alasiri, Gaëlle alifagia nywele katika saluni ya mama yake pale Joubert Park, Johannesburg. Akimaliza alipewa simu azungumze na binamu yake Glody, aliyehamia Marekani na wazazi wake. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yake, na asingeyabadilisha hata kwa soda baridi.

"Huku hatukaririshwi," Glody alijigamba siku moja. "Mwalimu anataka uwaze mwenyewe. Hata ukikosea, anakupigia makofi kwa kujaribu!"

"Eish, yaya Glody, una bahati!" Gaëlle alimwita yaya, kama Wakongo wamwitavyo ndugu mkubwa.

Gaëlle aliimeza habari hiyo nzimanzima. Tangu siku hiyo jedwali la kuzidisha akaliweka kando. Ya nini kujisumbua, na yeye ameshaamua kusoma Kimarekani?

Lakini kulikuwa na jambo alilolitamani kuliko yote. Madame Masika, aliyewafundisha hesabu watoto wa wageni katika ukumbi wa mtaa baada ya shule, angechagua wanafunzi wawili wa kusoma bure katika darasa la likizo la chuo kikuu. Gaëlle alitaka kuwa mhandisi wa madaraja, na nafasi hiyo aliiota usiku na mchana. Sharti lilikuwa kwamba watajaribiwa wawili wawili: kwanza hesabu za haraka, kisha kueleza ubaoni. Wakishindwa sehemu moja, wamekosa yote.

Gaëlle akapangwa na Mselem. Baba yake Mselem, Mtanzania, alikuwa na duka mtaa wa Fordsburg, na kabla ya hapo waliishi Guangzhou, Uchina, alikokuwa akinunua bidhaa. Huko ndiko Mselem alikoanzia shule. Kila mchana, kabla ya kipindi kuanza, alilaza kichwa mezani akalala. Wenzake walimwita Bwana Usingizi, na Gaëlle ndiye aliyecheka kuliko wote.

Siku ya jaribio ilikuwa aibu tupu.

"Saba mara nane?" Madame Masika aliuliza.

Gaëlle akahesabu vidole chini ya meza. "Hamsini na... nne?"

Zamu ya Mselem ilikuwa ubaoni: robo tatu ya ishirini na nne. Akaandika kumi na nane papo hapo.

"Kwa nini kumi na nane?"

Mselem akatazama viatu vyake. "Ndivyo inavyofanywa, Mwalimu."

Madame Masika aliwatazama kwa huruma. "Mna uwezo, ila kila mmoja ana nusu. Mtarudia Alhamisi ijayo. Baada ya hapo sitaweza kuwasaidia."

Jumamosi Gaëlle alipiga simu machozi yakimlenga. "Umeniponza, yaya!"

Kabla Glody hajajibu, mama yake, tantine Angélique, akatokea kwenye kioo cha simu. "Kwani amekuambia hakariri? Tazama friji yangu!" Akaigeuza simu. Mlangoni mwa friji palibandikwa jedwali la kuzidisha, limejaa madoa ya mafuta.

Glody akacheka kwa haya. "Nilifeli jaribio la kwanza. Na huko kuwaza mwenyewe si mchezo, Gaëlle. Kazi moja nimeiandika mara tatu, maana kila nikiipeleka mwalimu anauliza, 'Umejuaje?' Mimi nilikusimulia makofi tu."

Jumatatu Gaëlle aliwahi ukumbini. "Mselem, kwa nini unalala?"

"Kule Uchina darasa zima tulilala baada ya chakula. Tukiamka, tunasoma mpaka jioni. Hapa nalala peke yangu."

Gaëlle aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Nisamehe kwa kukucheka. Nifundishe jedwali."

"Sharp, sawa. Na wewe nifundishe kueleza. Mimi nilidhani kumuuliza mwalimu 'kwa nini' ni kumvunjia heshima."

Basi wakaanza. Wakirudi nyumbani, kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, Mselem alimuuliza hesabu, naye alipaswa kujibu kabla taa haijawa ya kijani. Nyumbani kwa Gaëlle walipanga vifuniko vya soda ishirini na vinne mezani, wakavigawa mafungu manne, wakaondoa fungu moja. Mselem alivikodolea macho vilivyobaki. "Kumbe!"

Alhamisi ikafika.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," Gaëlle alisema, mikono yote miwili ikiwa juu ya meza.

Mselem alichora mafungu yake ubaoni, akaeleza mpaka mwisho. Kisha akageuka. "Mwalimu, naweza kuuliza? Kwa nini tunagawa kwanza? Tukizidisha kwanza si tutapata jibu lilelile?"

Madame Masika akatabasamu. "Tutapata. Na kwa swali hilo, nafasi ni yenu."

Gaëlle akaruka kwa furaha.

"Lakini nisikilizeni wote," Madame Masika akaendelea. "Gaëlle amenisimulia kwamba alisikia makofi ya Marekani, hakusikia kazi iliyo nyuma yake. Nyinyi mliona usingizi wa Mselem, hamkuona saa zake za kusoma. Msichague katika shule ya mwenzenu ile sehemu inayowapendeza tu. Kukariri ni kazi, kuuliza ni kazi, na anayetaka kujua hufanya zote mbili."

Kesho yake mchana Mselem alilaza kichwa mezani kama kawaida. Safari hii hakulala peke yake: Gaëlle alilaza kichwa chake kando yake, akafumba macho.