Mstari wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Majini wa zamani walikaa kwenye magofu na visima vikavu. Wa siku hizi wamehamia maofisini, maana huko ndiko siri zilikohamia.

Mstari mweusi ulisimama pembeni mwa ukurasa wa arobaini na moja, wima kama askari wa mlangoni, na kando yake hapakuwa na neno hata moja. Karatasi tupu. Msomi aliinama, akaukwangua kwa ukucha. Haukuwa uchafu. Ulikuwa wino, na ulikuwa na joto.

"Rula," aliita kwa sauti ya chini, "hebu njoo uone maajabu ya printa."

Msomi walimwita kwa kejeli, si kwa heshima. Digrii yake ilikaa kabatini miaka minne ikinuswa na mende, yeye akizungusha bahasha mjini mpaka walinzi wa mageti wakawa wanamsalimu kama shemeji. Hatimaye kampuni ya lifti ikamtupia mfupa: mkataba wa miezi sita, kuandika miongozo ya mafundi. Vitabu ambavyo wakubwa hawavisomi mpaka afe mtu.

Na kazi ile ina dini yake. Kitabu kikifanyiwa mabadiliko, kompyuta huchora mstari mweusi pembeni mwa kila mahali palipoguswa. Neno lililofutwa hubaki pale pale, limekatwa kwa wino mwekundu, na jina la aliyelifuta huandikwa juu yake. Kisha wapitiaji watatu, wazee wa miwani mizito, hupewa kurasa mia tatu na siku tano. Watafanyaje? Husoma penye mstari tu, wakatia saini. Pasipo mstari hapasomwi.

Rula, jirani yake wa meza, ambaye hakuweza kusoma chochote bila kuweka rula chini ya maneno, alikuja akatazama. "Futa tu, dada. Toleo la nane linatoka Ijumaa, usinitie presha bure." Kisha akakunja pua. "Unasikia harufu? Kama nywele zimeungua."

Msomi alikuwa akiisikia tangu asubuhi. Na alijua vizuri pale palipokuwa patupu palikuwa na nini.

Palikuwa na hatua ya tisa. Baada ya kuzima swichi kuu, subiri dakika tano ndipo ufungue sanduku la umeme. Maana sanduku lile huzimwa lakini halifi. Umeme hubaki ndani umejikunja kama nyoka ndani ya kiatu. Lakini toleo la saba lilipokuwa likiandaliwa, wateja walilalamika kwamba mafundi wanakawia, naye Bosi akaja kumwinamia Msomi begani, ananukia manukato ya bei mbaya.

"Dakika tano za nini? Toa. Na wazee wasijue, wataanza mikutano yao. I want it clean, Msomi. Clean! Mkataba wa kudumu uko kwenye droo yangu, unangoja jina tu."

Msomi akazima alama za mabadiliko, akafuta hatua ya tisa, akapanga namba upya, akawasha alama. Sekunde nane. Wazee wakatia saini toleo la saba bila kukohoa. Mwezi uliofuata fundi mmoja, mtu wa kupiga mluzi kutwa, alikutana na aina ile ya lifti kwa mara ya kwanza. Akafuata kitabu. Alizima swichi, akafungua sanduku papo hapo, na kitabu chenyewe walikikuta wazi miguuni pake. Walizika kilichozikika.

Msomi aliufuta ule mstari, akachapa upya. Printa ikavuta pumzi, na badala ya kukereza kama kawaida yake ikatoa mluzi mwembamba, wa furaha, mluzi wa mtu anayekunja mikono ya shati aanze kazi. Ukurasa ukatoka. Mstari ulikuwa umerefuka.

Jioni nyumbani, mama yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta. Kila siku kwa miaka yote humpokea kwa maneno yale yale: karibu mwanangu, mwanangu wa pekee. Siku hiyo alisema, "Karibu..." midomo ikaendelea kucheza, sauti haikuja, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Karibu, wewe," alimalizia.

Ukutani kando ya kiti ulisimama mstari mweusi, wima, urefu wa mkono. Msomi aliugusa. Ulikuwa na joto.

Siku ya pili mstari ulikuwa kando ya kitanda. Siku ya tatu ulikuwa kwenye picha ya mahafali, na mwingine, mwekundu, ulipita katikati ya uso wa Msomi kutoka sikio hadi sikio.

"Mama, si uliuza cherehani yako nikasome? Ukanishonea na joho kwa mkono?"

"Nilikuwa na cherehani?" mama aliuliza, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, na kila alipofungua kinywa ndivyo nyumba ilivyozidi kunuka nywele zilizoungua, na nyuma ya sauti yake, mbali kama mtu aliye chini kabisa ya shimo la lifti, mluzi ulipanda na kupanda ghorofa baada ya ghorofa ukija, mpaka Msomi akaziba masikio kwa mito na akagundua kwamba mluzi haukuwa nje ya masikio.

Alhamisi alikwenda kwa mganga, mama mmoja mnene aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la viatu. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akichokoa meno.

"Kawaida ningekuchinjisha mbuzi," alisema. "Lakini huyu hali mbuzi. Na usidhani ni yule fundi, maskini. Fundi amelala zake. Huyu ni jini wa mashimo. Mtu akifuta jambo kwa siri, panabaki shimo, naye huingia. Wewe ulimfungulia mlango, sasa anafuta na yeye. Tofauti ni moja tu: yeye anaonyesha alama. Ana uaminifu kukushinda."

"Anataka nini?"

"Alama yake. Rudisha yale maneno, onyesha yalifutwa na nani, na wale wazee wako watatu waone. Atatoka."

"Mama mganga, nitafungwa!"

"Utafungwa. Mama yako atakuletea chakula." Akatema kijiti. "Kwani ulikuja hapa kutafuta mama au kutafuta kazi? Amua, nina foleni."

Ijumaa asubuhi Rula aliinuka kwenda kunywa chai, akaacha kompyuta yake wazi, jina lake likiwa juu ya kioo. Msomi alilitazama. Rula alikulia kituo cha yatima. Hana mama, hana baba, hana shangazi wa kusumbua watu mahakamani. Nani wa kumlilia? Jini anataka jina. Hajasema jina la nani. Elimu ya chuo kikuu, ndugu zangu, ndiyo hiyo.

Alikaa kwenye kiti cha Rula, kikiwa bado na joto la mwenyewe. Akarudisha saa ya kompyuta nyuma, tarehe ikakubali. Akafungua toleo la saba, akarudisha hatua ya tisa, akawasha alama, kisha akaifuta tena, polepole, mbele ya mashine, mpaka maneno yakajikata kwa wino mwekundu, mstari ukasimama pembeni, na juu yake likajiandika jina la Rula. Akatuma kwa wazee wote watatu.

Mluzi ukakatika. Harufu ikaondoka kama dirisha limefunguliwa. Msomi alilia kwa raha.

Penye mstari wazee hawakosi. Kabla ya saa sita walikuwa ofisini, miwani mkononi, wakidai maelezo ya kifo cha fundi. Bosi, mjanja wa kuzaliwa, aliita polisi mwenyewe.

"Dada, waambie!" Rula alipiga kelele akiburutwa, rula yake ikavunjika chini ya buti. "Dada, wewe unajua! Sema!"

Msomi aliangalia vidole vyake. Bosi akafungua droo.

Alikimbia nyumbani na mkataba wa kudumu kifuani. Ukuta ulikuwa mweupe, picha safi. Kiti kilikuwa kitupu. Jirani akamwambia mama ameondoka mbio, analia, kaelekea kituo cha polisi.

Alimkuta kwenye benchi la nje, amekumbatia bakuli la chakula lililofunikwa.

"Mama! Umenikumbuka! Nani kakuambia nimekamatwa? Mimi niko huru, mama, twende."

Mama alimwinulia macho mekundu. "Samahani, binti. Unafanya kazi na mwanangu?"

"Mama, ni mimi."

"Wamemfunga mwanangu wa pekee. Niliuza cherehani nikamsomesha, nikamshonea joho kwa mkono huu. Tangu mdogo hasomi mpaka aweke rula chini ya maneno. Huyo ndiye muuaji?" Kutoka ndani ya kituo sauti ya Rula iliita, "Mama!" na mama akasimama kwa magoti yake mabovu, akaitika kwa neno ambalo Msomi alikuwa ameliuzia roho yake lirudi.

"Abee, mwanangu!"

Msomi aliukunjua mkataba atafute jina lake. Nafasi ya jina ilikuwa tupu. Pembeni mwake ulisimama mstari mweusi.

Askari wa mapokezi alichungulia dirishani. "Na wewe dada ni nani kwao? Jina?"

Alifungua kinywa alitaje. Ukatoka mluzi.