Kifua cha Thadeus

"Hilo jaketi ni la kike, kaka. Utavaa uchekwe."

"Nipe hivyo hivyo. Nikichekwa na wewe nimepata faida."

Basi hapo ndipo yalipoanzia, soko la Memorial, Moshi mjini, Jumamosi, watu wanasukumana kwenye marundo ya mitumba. Hilaria, binti wa Kibosho mwenye ulimi usiolala, alisimama juu ya meza yake akinadi majaketi, kilemba chekundu kichwani. Thadeus, fundi wa dari kutoka Mkuu kule Rombo, mabega mapana, suruali imetapakaa vumbi la jipsamu, aliondoka na jaketi la kike na namba ya simu.

Wakapendana, tena bila kujificha. Jioni wanakula mtori karibu na stendi, asubuhi simu.

"Umeamkaje, jiko langu?"

"Jiko lako tangu lini? Hata posa hujaleta!"

"Nikimaliza kazi ya lile ghala la Machame, mjomba Melkior anakuja kwenu."

Hilaria anacheka siku nzima, wateja wanapunguziwa bei bila kuomba.

Kazi ya ghala ikaisha. Posa haikuja. Ilikuja simu.

"Hilaria, tuachane. Nimepata mwingine."

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Usinipigie tena."

Na nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke, laini, yenye mazoea: "Thade, acha simu, njoo ule." Simu ikakatwa.

Alilia mpaka macho yakavimba. Miezi ikapita, machozi yakakauka, ikabaki hasira tupu. Kama mwanamke yupo, basi waonane uso kwa uso! Akavaa gauni la kitenge linalobana, hereni ndefu, rangi ya mdomo iliyokolea, akapanda gari la Rombo. Huyo mwingine lazima ajue amechukua mali ya nani.

Aliyemkuta kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwao, anakoroga uji alikuwa Stella, dada yake Thadeus. Sauti ni ile ile. Na pembeni, juani, kwenye kiti, alikaa mtu aliyebaki mifupa na blanketi. Alipokohoa, Hilaria aliona kama kinachopasuka ni kifua chake mwenyewe.

"Huyu ndiye mwingine wako? Dada yako wa tumbo moja?"

Thadeus akajifunika uso. "Rudi zako, Hila. Nina TB. Nameza dawa tangu tuachane, na nazidi kwisha. Vijiweni wanasema nina ngoma. Nimepima, sina. Sikutaka nikuambukize."

"Makohozi yamepimwa?"

"Yamepimwa na kurudiwa, hawaoni kitu," Stella akajibu. "Wanasema tuendelee na dozi."

"Hawaoni kitu, halafu dozi iendelee! Yesu na Maria!" Hilaria akamgeukia mgonjwa. "Na wewe! Nani alikutuma uniamulie? Nilikuomba? Umeninyima hata nafasi ya kukuuguza, ukaniachia mwanamke wa uongo nimlaani kutwa kucha! Nimemlaani wifi yangu bila kosa, Thadeus!"

Stella akageukia ukutani, anacheka huku anafuta machozi.

Kesho yake walikuwa hospitalini Moshi, mbele ya Daktari Manpreet, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa mji huu huu, mwenye lafudhi ya Kichagga nzito kuliko ya Hilaria. Akatazama picha ya kifua, akamtazama Thadeus.

"Kabla hujaanza kukohoa, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Tulikuwa tunabomoa dari la ghala la zamani la kahawa, daktari. Juu kumejaa popo. Kinyesi tulizoa kwa koleo, vumbi mpaka humwoni mwenzako."

"Mlivaa barakoa?"

"Tuliomba. Tajiri akasema hayo ni mambo ya corona, na corona imekwisha."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kuna mtu aliwahi kukuuliza haya?"

"Hakuna."

"Hakuna!" Hilaria akaruka kitini. "Miezi yote hiyo mtu anakauka, anajazwa vidonge, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo amuulize anakula kwa kazi gani? Ni mtu huyu, au gunia la makohozi?"

"Kaa, dada," daktari alisema taratibu. "Hasira yako ni ya haki. Lakini kaa."

Wakamlaza. Wakamwingiza mpira mwembamba wenye kamera hadi mapafuni, wakatoa majimaji, wakayapeleka maabara yakaoteshwe. Walisubiri majibu mpaka Hilaria akazoeana na walinzi wa getini. Yalipotoka, yalisema fangasi. Huyo fangasi hukaa kwenye kinyesi cha popo, vumbi likivutwa naye anashuka kifuani na kuota huko. Daktari akaeleza kwamba ni ugonjwa wa nadra, na kwenye picha hufanana sana na TB. Dawa yake ipo, ya kumeza, ila ni ya miezi mingi.

"Na hauambukizi mtu kwa mtu," akaongeza. "Hata mngelala kitanda kimoja."

Hilaria akageuka polepole. "Umesikia, Thadeus? Ulinikimbia bure!"

Tangu siku hiyo akamsusia. Kila tarehe ya kliniki alimsindikiza, dawa alihakikisha zimemezwa, uji alimpikia, lakini neno hamwambii. Thadeus akipiga simu, inapokelewa na kuwekwa juu ya meza asikilize kelele za mnada.

Mashavu yaliporudi, Thadeus alikuja Memorial na mjomba wake, Mzee Melkior, amevaa koti la misa, mkononi ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Wauzaji wote wakaacha kunadi. Mchagga akiletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama aliyemkosea amemuulia ng'ombe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kijana wetu amekosa. Tumekuja na sale."

Hilaria akashuka mezani, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimemsamehe. Sale limenilazimisha, sina ujanja."

Thadeus akasogea mbele. "Na ndoa, Hila?"

"Ndoa hailazimishwi na jani."

Kijana akainamisha kichwa, akaanza kugeuka aende zake.

"Unakwenda wapi? Unaniamulia tena? Safari hii naamua mwenyewe! Mjomba, Jumapili mleteni Kibosho. Baba atakuwepo."